Mashine Ilipofuka Moshi Chini ya Mwembe

Mashine ya miguu mitatu hunywa vitu vingi. Petroli kila mtoto wa hapa kwetu Tarasaa, kwenye Delta ya Tana, anaijua. Kuna oili ya injini. Kuna oili nyingine, nzito, ya giaboksi na difu. Breki zina maji yao na betri ina yake. Kila kimoja kina tundu lake la kuingilia, na oili zote mbili zina nati zake za kutokea, chini kabisa, mahali ambapo mtu hulala chali ndipo azione. Vurugu iliyotupata nyumbani ilizaliwa hapo, kwenye nati mbili zilizokaribiana na watu wa nyumba moja waliotaka sana kusaidiana.

Tuktuk kwetu si pambo. Msimu wa maembe ukifika ndiyo inayoyatoa mashambani kabla hayajaoza, ndiyo inayofikisha ndizi na mchele barabarani, na usiku ule uchungu ulipomwanza jirani yetu ndiyo iliyomkimbiza hospitali ya Ngao. Ya kwetu ni ya petroli, silinda moja, injini imekaa nyuma chini ya sanduku la mizigo. Ilinunuliwa kwa pesa za chama na kwa mbuzi wa mama mkwe. Kwa hiyo mama mkwe ana neno juu yake, na neno hilo hulitoa akiwa ameketi kwenye mkeka wake chini ya mwembe, pale pale mashine inapolazwa.

Chombo cha aina hii kilianzia Italia mwaka 1948, kiwanda cha Piaggio kilipoigeuza Vespa ikawa na magurudumu mawili nyuma na sanduku la mizigo, ili wachuuzi waliotoka vitani mikono mitupu wapate cha kubebea bidhaa zao. Aliyeichora Vespa ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Wahindi wakakichukua, wakakitengeneza kwa wingi, na miaka mingi baadaye kikatufikia sisi wa Pwani kupitia Mombasa na Malindi. Kilichorwa kwa mitaa ya mawe na lami. Udongo mweusi wa Delta ya Tana, ule unaomeza gurudumu hadi kitovuni mvua ikinyesha, haukuwamo akilini mwa mtu yeyote, na ndiyo maana sisi wa huku tunalazimika kuitunza mashine kuliko inavyosema kijitabu chake.

Aprili na Mei 2024 Mto Tana ulivunja kingo tena, baada ya kufanya hivyo Novemba ya 2023. Mama mkwe huhesabu miaka kwa mafuriko. El Niño ya 1997, iliyobomoa kingo za mradi wa mpunga wa Tana Delta, anaisimulia hadi leo na majina ya waliohama. Safari hii maji yalitufikia karibu na uzio, na mashine ilipita ndani yake mara nyingi ikiokoa magodoro, mbuzi na wazee.

Maji yalipopungua, baba watoto alifungua mdomo wa oili ya injini akachomoa kijiti cha kupimia. Kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia yakachanganyika na oili, na oili ya namna hiyo hailainishi tena. Ikiachwa, chuma husaga chuma mashine ikitembea, na beringi hushika kutu ikiwa imesimama. Lazima itoke, na itoke upesi.

Fundi tunayemwamini alikuwa na foleni, maana mashine za huku zote ziliingia majini wakati mmoja. Kungoja zamu kwa mtu anayeishi kwa tuktuk ni kula akiba. Baba watoto akasema servisi tutaifanya wenyewe nyumbani. Nilimuunga mkono, na hata leo namuunga mkono. Kumwaga oili na kujaza oili, kutoa plagi na kuirudisha, si kazi ya siri. Inataka spana inayolingana na nati, mahali tambarare, mwanga wa kutosha, na mtu mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Hicho cha mwisho ndicho kilichokosekana.

Baba watoto aliondoka asubuhi kwenda mjini Garsen kununua oili ya 20W-50, plagi mpya na maji ya breki. Nyuma akabaki shemeji yangu, mdogo wake, aliyekuwa ametoka kusomea ufundi wa magari na hajapata kazi. Kijana huyo ana moyo mzuri. Alitaka kaka yake arudi akute kazi ngumu imekwisha, abaki kumimina tu. Akatandika gunia, akaingia chini ya mashine na spana mkononi. Binti yangu mkubwa akapiga magoti kando yake akishika tochi. Mama mkwe alikuwa hatua chache pembeni, amemwaga mchele wa shambani kwenye mkeka, anachagua mawe.

Nati ikafunguka. Oili ikateremka ndani ya karai, nzito, ya dhahabu iliyoingia weusi.

"Mbona hii si nyeupe, baba mdogo?" binti yangu akauliza. "Baba alisema ni nyeupe."

"Nyeupe ilikuwa juu juu," shemeji akajibu kutoka chini. "Huku ndani bado ni nzuri."

Mama mkwe akainua uso kutoka kwenye mchele. "Hiyo inanuka kiberiti, mwanangu."

"Oili ikizeeka hunuka, mama."

Akafunga nati, akaifuta kwa tambara. Karai akalisogeza nyuma ya choo. Kazi ile ilikuwa safi, hakumwaga hata tone chini, na nati ilikazwa vizuri. Ila ilikuwa nati ya giaboksi. Ile harufu ya kiberiti ni ya dawa inayotiwa kwenye oili ya gia ili meno yasisagane yanapokandamizana, na kila fundi wa giaboksi huijua kwa pua. Mama mkwe hakuwa amewahi kushika spana, lakini pua yake ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi saa tatu asubuhi.

Baba watoto akarudi jua likiwa limesimama. Alipoambiwa oili imekwisha kumwagwa alifurahi, akamshika mdogo wake bega. Akamimina oili mpya kwenye mdomo wa injini, kipimo kamili cha kijitabu, juu ya ile ya zamani iliyokuwa bado mle ndani pamoja na maji ya mto. Akachomeka kijiti, akakichomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole.

"Mashine imeinama," shemeji akasema. "Huku mwembeni kuna mteremko."

Ni kweli kuna mteremko. Ardhi yetu huinama kuelekea mtoni, na mtu akipima oili hapo kijiti kinaweza kudanganya. Lakini hakidanganyi kwa urefu wa kidole.

Wakawasha.

Kwanza ilikataa, kisha ikashika, kisha ikaanza kukohoa. Moshi uliotoka bombani ulikuwa wa buluu iliyochanganyika na weupe, mzito, ukatambaa chini kwanza, halafu ukapanda ukaingia mwembeni. Kuku wakakimbilia jikoni. Mtoto mdogo akalia. Jirani wa upande wa barabara akaja mbio na ndoo ya mchanga, akifikiri nyumba inaungua, na nyuma yake wakaja watoto wote wa mtaa. Baba watoto akazidi kufungua mafuta, akisema ni oili ya zamani inaungua, itaisha. Haikuisha. Injini ikapiga pumzi mbili za mwisho ikazimika, na haikushika tena kwa namna yoyote.

Lililotokea ndani ni hili. Oili ikizidi, kishafti kinachozunguka chini huipiga ikawa povu. Shinikizo hupanda, na oili hutafuta njia ya kutokea. Njia iliyo karibu ni bomba dogo la pumzi la injini, ambalo huelekea kwenye chujio cha hewa. Oili ikifika huko hulowesha chujio, hunyonywa na kabureta, huingia silinda, na kule huungua nusu nusu. Nusu isiyoungua hukaa juu ya plagi. Plagi ikivikwa oili na masizi, umeme wake hauruki tena pale kwenye mwanya. Huteleza juu ya uchafu ukapotea kwenye chuma. Hakuna cheche, hakuna moto.

Hapo wakaanza kutafuta ugonjwa mkubwa. Shemeji akasema ringi za pistoni zimekufa kwa sababu ya maji. Jirani mwenye ndoo ya mchanga akasema ni vali. Baba watoto akaanza kuhesabu nauli ya Malindi, ambako vipuri ni vingi, na kutoka Garsen kwenda huko ni zaidi ya kilomita 100. Akanitazama. Daftari la mashine ninalo mimi, na katika ukurasa wa mwezi ule hapakuwa na pesa za pistoni.

Mama mkwe alikuwa bado anachagua mchele. Akauliza bila kuinuka, "Ile iliyonuka kiberiti ilitoka wapi, na mbona hamjairudisha?"

Shemeji akanyamaza. Akachukua tochi mkononi mwa binti yangu, akaingia chini tena. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakumtazama mtu. "Nati ni mbili," akasema.

Nataka niseme wazi kwamba swali lile la mama mkwe liliokoa mashine yetu. Kama plagi ingekuwa imevumilia, kama injini ingeshika na baba watoto akatia gia kwenda barabarani, giaboksi lisilo na oili lingelia, lingepata moto, na meno yangelika kabla hajafika Minjila. Plagi iliyolowa ndiyo iliyotuzuia. Watu wengi husomea ufundi wasijue kuuliza swali la namna ile: kilichotoka kimetoka wapi, na kimerudishwa nini mahali pake?

Baba watoto alitaka kutoa plagi papo hapo. Mama mkwe akamzuia. Injini ilikuwa moto, na hedi ya mashine hizi ni ya aluminiamu, laini kuliko chuma cha plagi. Ukilazimisha kufungua ingali moto, plagi inaweza kutoka na meno ya hedi, na tundu likishaharibika unatafuta mtu wa kulichonga upya na kuliwekea bushi. Wakangoja mpaka mkono ukaweza kukaa juu yake. Wakapuliza vumbi na mchanga pembeni mwa plagi kabla ya kuifungua, kwa sababu punje ya mchanga ikianguka silinda itakwaruza ukuta wake. Mchanga wa mafuriko ulikuwa kila mahali katika mashine ile.

Plagi ilitoka nyeusi, inang'aa kwa oili. Plagi husomeka. Ikiwa ya rangi ya udongo wa kahawia, injini ina afya. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au chujio lililoziba. Nyeupe iliyopauka ni joto kali au hewa nyingi. Iliyolowa oili, oili imefika isikotakiwa. Shemeji aliisoma sawasawa, akaiosha kwa mafuta ya taa akitumia mswaki mpya wa binti yangu, jambo lililozua kesi ndogo iliyomalizwa jioni kwa ahadi ya mswaki mwingine.

Plagi mpya ilikuwapo, na ndiyo iliyokusudiwa kuingia. Wakaihifadhi kwanza wakatumia ile iliyooshwa, na hilo lilikuwa shauri zuri: injini iliyojaa oili itaichafua plagi ya kwanza inayowekwa. Kwanza walizungusha injini bila plagi, tambara likiwa mbele ya tundu, mpaka oili ya ndani ya silinda ikatemwa yote.

Halafu wakafungua nati ya injini yenyewe, na hapo ndipo mama mkwe alipopata hasara yake. Karai la kwanza lilikuwa bado lina oili ya gia nyuma ya choo. Wakachukua beseni dogo la kufulia. Ndani ya injini kulikuwa na vipimo viwili vya oili na maji juu yake. Beseni likajaa, likafurika, na mteremko uliosingiziwa mchana ukafanya kazi yake: oili ya rangi ya maziwa ikatiririka chini ya mashine, ikapita kwenye mizizi, ikaingia mkekani na kwenye mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliinuka, akakusanya mchele uliosalia kwa khanga, akatuita wote, jirani na ndoo yake pia. Akasema mchele ni wake na amesamehe. Lakini oili ile isiende mtoni. Jirani alimwaga mchanga wake juu ya ile iliyotiririka, na mchanga ule ukazolewa wote kwa koleo. Iliyobaki ikatiwa madumu. Kwetu oili chafu hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa, na nyingine huchukuliwa na mafundi. Mama mkwe ni mvuvi, mtoto wa mvuvi, na anajua oili ikishatanda juu ya maji ya dimbwi samaki hawapumui vizuri. Delta hii iliandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, hekta 163,600, na madumu ya oili kutoka kila boma lenye tuktuk yanatosha kuiumiza.

Jioni ile walifanya kila kitu upya, na neno la mwisho likawa la baba watoto peke yake. Alianza kwa kufungua mdomo wa kujazia wa giaboksi, kabla ya kugusa lolote, kuhakikisha unafunguka. Kwani ukimwaga halafu mdomo ukakataa kufunguka, umebaki na mashine kavu. Akajaza oili nzito ya gia. Injini akaisuuza kwa oili kidogo ya bei nafuu, akaiendesha dakika chache, akaimwaga, ikatoka bado na weupe kidogo. Akarudia mpaka ikatoka safi. Chujio la hewa likafuliwa kwa sabuni likaanikwa. Kisha akalaza mbao chini ya magurudumu mpaka mashine ikasimama sawa, na ndipo akamimina oili ya injini na kupima kijiti.

Plagi mpya alipewa mama mkwe aifunge. Si heshima tupu. Mikono yake haina papara. Aliambiwa aizungushe kwa vidole kwanza upande wa kufungua, taratibu, mpaka asikie imedondoka kwenye meno, ndipo aanze kuikaza, kwa vidole hadi mwisho. Spana ikaja baadaye, nusu mzunguko tu, ile ya kubana washa mpya. Mwanya wake shemeji aliupima kwa kipimo cha mabati alichokwenda kuazima. Watu wengi hutumia wembe wa msumeno, na mimi silipendi jambo hilo, kwa sababu mwanya wa mashine hizi ni kama milimita 0.7 na jicho halioni tofauti ya milimita 0.2 ambayo injini inaiona.

Iliwaka mara moja. Moshi mwepesi wa mabaki, kisha hewa safi.

Breki tuliziacha hadi kesho yake. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya Delta ni unyevu mtupu. Maji mapya ya daraja la DOT 3 huchemka nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanywa unyevu kiwango hushuka kuelekea 140, na breki za mashine iliyobeba maembe huweza kufika huko. Kwa hiyo hubadilishwa, na hewa hutolewa kwenye mabomba. Binti yangu alikaa kwenye usukani akikanyaga breki, shemeji chini akifungua na kufunga kiskrubu cha kutolea hewa. "Kanyaga! Shikilia! Bado, usiachie!" Aliachia mapema, hewa ikaingia, wakaanza upya, mpaka mama mkwe akashika uongozi wa maneno na breki ikawa ngumu chini ya mguu. Matone yaliyomwagika kwenye bodi yakala rangi. Pale palipoandikwa "Subira" kwa wino mwekundu sasa pamebaki herufi nne.

Rangi tutapaka. Kilichonitetemesha ni kingine. Yale maji ya breki duka lililoyauza liliyapimia kwenye chupa ya soda. Yana rangi ya kinywaji, na yana ladha ya utamu inayomfanya mtoto arudie. Ni sumu inayoharibu figo. Wakati wakubwa wanapigizana kelele za "kanyaga" na "shikilia," mtoto wangu mdogo aliichukua chupa ile penye gunia, akaanza kuhangaika na kifuniko kwa meno. Mama mkwe ndiye aliyemwona.

Nawaomba wenye tuktuk wa Tarasaa, Ngao, Oda na Golbanti, na wenye maduka ya Garsen wanaotuuzia: maji ya breki yakae ndani ya kopo lake lenye maandishi yake, limefungwa, juu pasipofikiwa na mtoto. Mwenye duka akitaka kukupimia kwenye chupa ya soda, kataa, hata kama ni bei nusu.